Kompyuta Tano na Chumba cha Uani

Jumatatu, 19 Aprili 2004

Mvua tangu alfajiri. Nimefika ofisini nimelowa mpaka kilemba, na bado leo ni siku njema. Siku njema kabisa! Kuna chumba.

Nieleze polepole, maana furaha inanichanganya. Mimi ni kibarua katika Shirika la Mama wa Mwambao, hapa Mbugani, mjini Kyela. Nafagia, nachemsha chai, jioni nazima kompyuta. Zote tano. Kuzima nilifundishwa kwenye kozi ya miezi mitatu, ambayo iliishia mwezi wa pili kwa sababu mwalimu alihamia Tunduma. Ndani ya kompyuta hizo kuna majina ya akina mama wanaokuja kupima na kuchukua dawa, wao na vichanga vyao. Mratibu wetu, Mama Felista, anasema jina moja tu likitoka nje, mtu anaachwa na mume, anafukuzwa nyumba. Ndiyo maana leo ameleta fundi kutoka Mbeya, kaka Eliya. Mrefu, mpole, ana sidii ya programu kwenye mfuko wa shati kama mtu aliyebeba biskuti.

Programu hiyo inakagua udhaifu. Kaka Eliya alieleza kwamba inapita kwenye kila kompyuta kama mlinzi anayezunguka nyumba, inasukuma kila mlango na kila dirisha, halafu inaandika. Palipo wazi kabisa, nyekundu. Palipoegeshwa tu, njano. Palipofungwa, kijani. Yenyewe haifungi kitu. Inasema tu.

Mama Felista akasema anatafutwa mtu mmoja. Aiendeshe kila Ijumaa, afunge kinachoonekana wazi, atoe taarifa. Wafadhili wanaleta mgeni tarehe saba Mei. Atakayeifanya kazi hiyo vizuri ataajiriwa moja kwa moja, na atapewa chumba cha uani.

Chumba cha uani! Nakifagia kila siku. Kina dirisha lenye wavu. Bomba liko mlangoni. Kitanda kinaingia na mtoto anabaki na pa kuchezea. Mwanangu Asajile ana miaka miwili na nusu. Yuko Ikombe kwa bibi yake, mama mkwe wangu, kwa sababu hapa mjini nalala kitanda kimoja na rafiki yangu Prisca, na mwenye nyumba hataki watoto. Baba yake, Aliko, alivuka mto Songwe na baiskeli ya kuuzia vitenge kwenda Karonga, ng'ambo ya mpaka. Wiki mbili tu, alisema. Mtoto alikuwa hajaota jino.

Nikanyoosha mkono. Mansuri naye akanyoosha! Mansuri ni karani. Ana meza, ana kompyuta yake, analala nyumba ya mjomba wake yenye vyumba visivyo na watu. Chumba cha nini? Akauliza mbele ya wote kama kozi yangu ilifundisha na kumwaga chai kwenye kibodi. Ilikuwa mara moja! Tena chai ya rangi.

Mama Felista akasema nianze mimi, Mansuri ana barua nyingi. Nilimshukuru, ndaga fijo, ndaga fijo, mpaka akaniambia inatosha.

Jumanne, 20 Aprili

Tumeiendesha. Kaka Eliya alinikalisha mimi kwenye kiti, yeye kasimama pembeni, mikono nyuma. Bonyeza hapa. Subiri. Bonyeza pale. Nikabana pumzi kama nasikiliza kifua cha mtoto. Halafu printa ikaanza kutema karatasi. Ikatema, ikatema, zikaanguka kwenye sakafu niliyopiga deki asubuhi. Nyekundu kila ukurasa! Wino mwekundu ukaisha katikati, zilizobaki zikatoka na rangi kama ya majivu.

Mansuri akasema jana mashine zilikuwa nzima, leo kazishika Tulinagwe, yaani mimi, zimeugua. Kaka Eliya akacheka, akasema zilikuwa hivyo siku zote, tofauti ni kwamba leo tumejua. Hii ni habari njema, dada Tuli. Nikaitikia. Moyoni hapana. Karatasi nyekundu kiasi kile, habari njema kwa nani?

Matundu mengi, alisema, ni kwa sababu mashine ni za zamani na hazijawahi kuwekewa viraka. Waliozitengeneza huwa wanatoa viraka vya kuziba. Akaniachia sidii ya viraka. Ile kompyuta ya tano, ambayo hakuna anayeitumia, aliiwekea viraka yeye mwenyewe ili nione. Inachukua muda. Mstari wa bluu unatambaa kama konokono. Nne zilizobaki ni zangu. Akasisitiza nisiogope nyekundu, kila Ijumaa nimtumie nakala Mbeya kama ilivyotoka, tutaipunguza polepole.

Amepanda basi la mchana. Nimempa mkungu mdogo wa ndizi. Mtu mwema anayesema mambo ya ajabu.

Jumatano, 21 Aprili

Nimeanza na jepesi. Paswedi. Programu ilizibahatisha zote upesi kuliko maji kuchemka. Ya Mama Felista ilikuwa moja mbili tatu nne. Ya Mansuri, jina la timu yake. Basi nikawatangazia kila mtu achague ngumu. Nilitumia sauti ya kazi. Nimeisikia sauti hiyo kwa wauguzi.

Wakachagua. Kufikia chai ya saa nne hakuna aliyeikumbuka yake. Mansuri akafungiwa nje na mashine yake mwenyewe, akaipiga kofi. Mama Felista akaniita kutoka chumba cha pili, akina mama wote kwenye benchi wanasikia: gwe Tuli, yangu inaanza na Kyela au inaishia na Kyela? Mama mmoja wa kwenye benchi akamjibu kwamba inaishia.

Siri gani hiyo!

Nikapata ufumbuzi. Neno moja kwa kompyuta zote, neno ambalo mgeni hawezi kulifikiria na mimi siwezi kulisahau. Asajile.

Mchana wote wakafungua upya. Nilisimama na birika nikawatazama. A. S. A. Wote wanaliandika jina la mwanangu kabla hawajagusa kitu kingine. Hata Mansuri, kwa kidole kimoja, amekunja uso. Machozi yakanilenga. Wameniuliza nina nini. Nimesema ni mvuke wa chai.

Ijumaa, 23 Aprili

Siku mbaya. Nilipanga niweke viraka kwanza kwenye ya Mansuri, iliyo nyekundu kuliko zote, ili aone nani fundi. Nikaingiza sidii. Mstari wa bluu ukaanza safari. Mansuri kasimama nyuma yangu anapiga mluzi. Robo. Nusu. Umeme ukakatika!

Uliporudi, kompyuta haikuamka. Skrini nyeusi, maandishi meupe ya Kiingereza. Mansuri akaanza kuzililia barua zake kama mtu aliyefiwa. Mfagiaji kafagia mpaka barua, akasema. Watu wakacheka, na akina mama wa kwenye benchi pia, na wale siwalaumu, hawana cha kuwachekesha siku nyingi.

Baada ya chakula ikaamka yenyewe. Barua zote zipo! Lakini Mama Felista alikuwa ameshaamua. Ni marufuku kugusa mashine za watu siku za kazi. Viraka nije niweke Jumamosi, ofisi tupu, jenereta limejaa mafuta, kutwa nzima. Akaniuliza kama ni sawa. Nikasema sawa, mama.

Jumamosi! Jumamosi ni ya Asajile. Gari la asubuhi mpaka Matema, halafu mtumbwi, nalala Ikombe, Jumapili narudi. Sina siku nyingine. Ningemwambia, lakini mtu anayeomba kazi haanzi na sababu. Nimetoka nje kumwaga majani ya chai, nikabaki huko kidogo.

Jumapili, 25 Aprili

Jana nilikwenda Ikombe. Viraka vitasubiri. Mtoto hasubiri, anakua.

Bibi Naomi alikuwa chini anakanda udongo, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. Mama mkwe wangu anafinyanga vyungu tangu hajaolewa, na anaongea na mimi bila kuinua macho kwenye chungu. Mama Asajile, umekuja na sabuni? Nimekuja nayo. Na chumba? Nikasema kinakuja. Akasema hata mvua inakuja, lakini yeye anaiona mawinguni.

Asajile akajificha nyuma ya vyungu vinavyokauka. Nimempelekea mandazi. Akachungulia. Akamwuliza bibi yake: mama, nani huyu?

Bibi Naomi akaacha udongo. Akamwambia huyu ndiye mama yako, mimi ni bibi. Asajile akacheka sana, kama vile bibi kamwambia mbuzi ni samaki. Bibi hakucheka. Hiyo ndiyo shida, si mbaya mama huyu. Angekuwa mbaya ningelala vizuri.

Wauguzi wa kliniki walikuwa wamefika na boti jana hiyohiyo, mizani yao wameining'iniza kwenye boriti ya kanisa. Nikampeleka mimi mwenyewe. Kwenye foleni kila mama anafanya lile wanalofanya akina mama wote. Uji unaingizwa mpaka shavu linavimba. Mwingine kamwacha mtoto na nepi iliyolowa, inapima kilo yake yenyewe. Muuguzi anapiga kelele vueni nguo, hakuna anayesikia. Bibi Naomi alikuwa amenipa kikombe cha maji ya kumnywesha tukikaribia, nikampa viwili. Mwezi uliopita mstari wake kwenye kadi ulikuwa umeshuka. Jana ukapanda mpaka kwenye kijani! Muuguzi akatabasamu. Bibi akatabasamu. Mimi nikatabasamu.

Njiani kurudi mtoto akakojoa kijani yote.

Lakini mimi nilikuwa nimeshapata wazo, limenijia palepale chini ya boriti. Mizani inapima kile unachoiwekea! Nimevuka ziwa leo nacheka peke yangu. Mpiga kasia akaniuliza kama ninaumwa.

Ijumaa, 30 Aprili

Imewezekana.

Niliwaambia wote kwamba programu inataka kompyuta zipumzike, waende chai mapema. Wakaenda mbio. Nikachomoa nyaya za kompyuta nne. Nikaiacha ya tano peke yake, ile aliyoiwekea viraka kaka Eliya. Nikabonyeza hapa. Nikasubiri. Nikabonyeza pale.

Ukurasa mmoja! Kijani juu mpaka chini, kama shamba la mpunga Ngonga mwezi wa pili. Hakuna hata nukta nyekundu.

Nyaya zote nikazirudisha kabla ya mtu kumaliza kitumbua. Mama Felista alipoona karatasi akavaa miwani, akaivua, akanikumbatia. Harufu yake ya mafuta ya nazi. Sijakumbatiwa na mtu mzima tangu Aliko. Akasema alijua, akasema Mungu ndiye alimwonyesha mimi. Akatuma nakala kwa wafadhili siku hiyohiyo.

Nakala ya kaka Eliya imebaki kwenye droo. Niliisahau. Niliisahau kwa makusudi kidogo.

Najua viraka havijawekwa. Nitaviweka. Nikishapata chumba, mtoto akiwa hapahapa uani, Jumamosi itakuwa ya kompyuta. Ni mambo ya kupanga tu, kipi kitangulie.

Jumatatu, 3 Mei

Chumba kinapakwa rangi! Nimekipima kwa khanga. Kitanda huku, ndoo kule, mkeka wa Asajile chini ya dirisha. Nimebandika picha ya twiga niliyoikata kwenye kalenda, chini kabisa, usawa wa macho yake. Fundi rangi akaniuliza mbona chini hivyo. Nikamwambia twiga huyo ni mfupi.

Mansuri ana uso wa ndimu. Aliuliza imekuwaje mashine yake iwe kijani wakati yeye hajaniona nikiigusa. Nikamwambia nyie mlikuwa mnakula vitumbua. Akataka kuiona ile karatasi. Nikaikalia. Ndiyo, nimeikalia kweli, mpaka saa ya kutoka. Akaniita bi mkubwa wa mitambo. Nikamwambia ndimi.

Prisca anasema nimeanza kucheka usingizini, nampiga mateke kwa furaha.

Jumatano, 5 Mei

Sijui niandike nini.

Asubuhi Mansuri aliunganisha waya wa simu kwenye mtandao asome matokeo ya mpira, kama kila siku. Ghafla kwenye skrini yake kikatokea kidirisha, kinahesabu kurudi nyuma. Hamsini na tisa. Hamsini na nane. Akaniita, bi mkubwa wa mitambo, hii ni nini? Nikamwambia ni programu yangu inafanya kazi. Ikafika sifuri. Kompyuta ikajizima, ikajiwasha, ikaanza kuhesabu tena.

Halafu ya Mama Felista. Halafu ya tatu na ya nne. Zote zinahesabu, kila moja na hesabu yake, kama watoto wa darasa la kwanza wasioelewana. Mama Felista anaandika jina, kabla hajamaliza mashine inazima. Anaandika tena, inazima tena. Ya tano peke yake imetulia kwenye kona, nzima, haina hata jina moja ndani yake.

Mansuri alikuwa na hofu. Hakuwa na utani tena. Akaniuliza kwa sauti ndogo, dada Tuli, si ulisema zimezibwa?

Nimesema tuzipe muda. Mama Felista amempigia kaka Eliya simu Mbeya.

Alhamisi, 6 Mei

Alhamisi ndiyo siku ya dawa. Benchi lilijaa mapema, wengine wamekaa chini. Kila mama anatakiwa aangaliwe kwenye kompyuta, dawa gani, kiasi gani, mtoto amepimwa lini. Haiwezekani kumgawia mtu dawa kwa kumwangalia usoni. Mama Felista akatoka, akawaambia warudi wiki ijayo. Aliomba radhi kwa Kiswahili na kwa Kinyakyusa.

Hawakugomba. Ningependa wagombe. Wakafunga watoto mgongoni mmoja mmoja wakaondoka na mvua.

Mmoja alibaki. Ametoka Ngonga, maji yamekata njia, amepita yamemfika kiunoni, mtoto kambeba kichwani ndani ya beseni. Msichana kama mimi. Nikamletea chai, akaniuliza mashine zimepatwa na nini. Nikasema zimeugua ghafla. Akasema pole. Kaniambia mimi pole! Nikamshika mtoto wake ili anywe vizuri. Mwepesi. Kanishika kidole akakikaza. Nikainama, na yeye akadhani ni mtoto ananilemea, akamchukua.

Kaka Eliya alifika mchana, suruali ina tope mpaka magotini. Hakusalimia sana. Akaingiza sidii yake, akaiendesha programu, kompyuta zote tano zikiwa kwenye nyaya. Printa ikatema. Nyekundu, zilezile za mwanzo, pamoja na mpya. Akauliza taarifa ya wiki iliyopita iko wapi. Mansuri akaipata, akampa. Kaka Eliya akaisoma, ukurasa ni mmoja tu lakini aliusoma muda mrefu. Chini kabisa imeandikwa idadi ya mashine zilizokaguliwa. Mimi hapo chini sikuwahi kufika.

Akasema polepole: dada Tuli, ulikagua moja.

Nilitegemea Mansuri acheke. Hakucheka. Alitazama viatu vyake.

Nikasema nilitaka zionekane vizuri. Kaka Eliya akasema mdudu huyu aliyeingia kupitia mtandao hasomi karatasi, anasukuma mlango tu, na kiraka chake kimo kwenye ile sidii niliyokuachia. Halafu akagundua paswedi. Akauliza nani aliweka moja kwa zote, maana akiijua mtu moja amezijua tano. Akauliza Asajile ni nani. Nikaanza kuokota karatasi sakafuni. Akasema basi, akaanza kuweka viraka.

Baada ya muda nikamwuliza kama majina yameibwa. Akasema hapana, huyu anasumbua tu, haibi. Safari hii, akasema.

Ijumaa, 7 Mei

Mgeni wa wafadhili amekuja. Mama mnene mwenye miwani ya kamba, anaongea Kiswahili cha Dar es Salaam haraka haraka. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la chai, kwa hiyo nimesikia yote.

Aliomba taarifa zote. Ile ya kwanza, rundo lenye wino ulioisha, aliifungua ukurasa kwa ukurasa huku anaitikia kwa kichwa. Akasema vizuri. Vizuri! Akasema ofisi nyingi zinamwonyesha maua, hapa angalau wameonyesha vidonda. Akaiona na ya jana, akasema vizuri pia, sasa mnaweka viraka, mwezi ujao ipungue kidogo. Ile yangu ya kijani aliishika kwa vidole viwili, akaiweka pembeni. Akasema hii haijaniambia kitu.

Halafu akauliza ile ya kwanza aliiendesha nani, ni kazi nzuri. Mama Felista akanitazama. Nikaweka sinia mezani. Vikombe viligongana. Mama Felista akasema tulishirikiana.

Kumbe mgeni anapenda nyekundu! Laiti ningejua! Ningemtolea nyekundu mpaka printa ilie. Mtu akuambie mapema anataka rangi gani, umpe, kila mmoja aende kwake na furaha. Mambo ya wasomi haya, hawasemi.

Jioni Mama Felista aliniita uani. Hakupiga kelele. Funguo za chumba amempa Mansuri, ndiye atakuwa mtu wa programu, kaka Eliya amemfundisha leo. Mansuri hatalala pale. Ataweka baiskeli. Akaniambia mimi nipumzike kwanza nyumbani, wataniita. Najua maana yake. Wakikuita hawakuambii watakuita.

Halafu akaniuliza kwa nini sikuja ile Jumamosi. Nikamwambia. Ikombe, mtumbwi, mtoto. Akasema, mwanangu, ungeniambia hivyo ningekupa Jumatatu.

Jumatatu. Ilikuwa imekaa hapo tu, Jumatatu.

Nilipotoka Mansuri alinifuata mpaka barabarani na mwavuli. Akasema dada Tuli, mimi sikukuchongea. Nikamwambia najua. Akaniuliza ile picha ya twiga aiondoe au aiache. Nikasema iache, itaangalia baiskeli.

Jumapili, 9 Mei

Naandika hapa Matema, nimekaa juu ya gunia la mtu, nasubiri gari. Asajile yuko mapajani.

Ndiyo. Asajile!

Nilifika Ikombe jana. Bibi Naomi akauliza bila kuinua macho. Mama Asajile, na chumba? Nilikuwa nimejiandaa kusema ukweli. Kweli nilikuwa nimejiandaa, nimeusema ukweli wote kwenye mtumbwi kimoyomoyo, kuanzia mwanzo. Nikafungua mdomo, nikasema kipo. Kina dirisha la wavu. Bomba mlangoni. Wamepaka rangi wiki hii.

Akainua macho. Akauliza rangi gani. Nikasema ya maziwa. Na hiyo ni kweli, nimeiona.

Basi akaosha mikono. Sijawahi kumwona akiacha chungu katikati. Akakusanya nguo za mtoto, akazikunja moja moja, akazifunga kwenye kitenge. Akafunga na usipa mkavu, vidagaa vya hapa ziwani. Akaniambia anapenda uji wa moto kidogo, si wa moto sana. Usiku anakohoa, nimpake mafuta kifuani. Akishtuka nimwimbie, wimbo wowote, hachagui. Leo asubuhi alisimama majini mpaka magotini, anasukuma mtumbwi. Alisema ndaga, mwanangu, umehangaika mpaka umepata. Nikamwambia ndaga, mama. Nilitazama kasia.

Mtoto alilia njia nzima. Alinyoosha mikono kule nyuma mpaka Bibi Naomi akawa mdogo kama kidole, mpaka hakuonekana.

Wala sina wasiwasi. Nina mpango. Prisca nitamwambia ni wa kulala leo tu. Kesho nitasema ana mafua, hawezi kusafiri. Keshokutwa mwenye nyumba atakuwa ameshamzoea. Na kuna duka linaloandika barua za watu karibu na stendi, wana kompyuta, wanatafuta mtu aliyemaliza kozi. Nitasema nilimaliza.

Sasa hivi ameamka. Ametazama magunia, ametazama ziwa, amenitazama mimi. Akauliza mama yuko wapi.

Nikamwambia anakuja nyuma yetu, na mtumbwi unaofuata.

Akanyamaza palepale. Kalaza kichwa hapa kifuani kwangu, macho yako majini, anaungoja. Hata kulia ameacha. Unaona? Si kazi ngumu, ukijua tu la kusema.